KUHAMA NA WATOTO, SEHEMU YA 4: Watu wa Tumbe walifuata nini?

Sehemu ya tatu tuliishia kwenye kadi ya kliniki, kwamba usipande boti bila ya kadi ya mtoto mkononi. Leo tuzungumze mtaa. Ukishafika mji mgeni, utapanga wapi?

Kuna mama mmoja wa hapa Tumbe kaniruhusu niandike habari yake bila ya jina. Mume wake kapata kazi mjini Unguja, mtoto wao ana miezi minane. Siku ya kupima uzito akanifungulia simu: dalali kamtumia picha za nyumba tatu. "Nesi, wewe ungechukua ipi?" Nikazitazama. Tailizi zinang'aa, jiko limepakwa rangi, choo cha ndani. Nikamwambia, "Mwanangu, umenionyesha sakafu tatu. Mitaa yenyewe iko wapi?"

Hakujua. Na mie sikumcheka, maana nilipokuwa umri wake nilifanya hivyo hivyo. Kabla sijakwambieni yaliyonipata, nipeni dakika chache za historia, tena historia ya hapa hapa.

Sie Tumbe tunajulikana kwa soko la samaki. Lakini chini ya ardhi yetu kuna Tumbe nyengine. Miaka ya 2000 wataalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walichimba hapa na wenzao. Wakakuta makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, yametanda zaidi ya hekta 20. Nyumba zilikuwa za miti na udongo. Kulikuwa na vyombo vilivyoletwa na majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi. Na kulikuwa na vinoo vya shanga, vingi mno: vigae vya vyungu vyenye mifereji, iliyotokana na kusugua shanga za makombe ya baharini. Vinoo hivyo havikuwa kwenye karakana moja, vilitawanyika majumbani. Ilikuwa kazi ya nyumbani, kama sie na ukili wetu. Chakula chao kikubwa kilikuwa mawele, na mpunga kidogo tu.

Basi karne ya 10 Tumbe ile ikahamwa. Karne ya 11 ukaanza mji wa Chwaka, hapa hapa jirani, pale kwenye magofu ambayo wengi mnayaita Haruni. Vijiji vya karibu vikapungua watu, mji ukajaa, na ukadumu mpaka kama mwaka 1500.

Sasa nisikilizeni hapa. Ungedhani walihamia mjini kutafuta nyumba nzuri zaidi. Sivyo. Chwaka nyumba nyingi ziliendelea kuwa za miti na udongo, kama walizoziacha. Mawe yalikwenda kwenye misikiti na makaburi. Kilichobadilika ni mambo ya pamoja: msikiti wa kuswali watu wengi, mabakuli ya kigeni ya kukirimu wageni kwenye karamu, na mpunga ukachukua nafasi kubwa kuliko zamani. Waliohama walilala kwenye nyumba zile zile, ila walipata watu wa kuswali nao, kula nao na kuzikana nao. Wazee wetu husema tazama jirani kabla ya nyumba. Hawa walifanya hivyo miaka elfu moja nyuma.

Mie nikafanya kinyume. Nilipopata uhamisho wa kwanza, nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja. Nikakodi nyumba mjini wakati wa jua kali, vyumba viwili, bei nafuu. Nikalipa miezi sita mbele. Ukutani, kama shubiri mbili kutoka chini, kulikuwa na mstari wa rangi ya kahawia. Nikadhani rangi imechakaa. Masika yalipokuja nikajua ule mstari ni nini. Maji yaliingia mpaka pale pale, yakachanganyika na ya shimo la choo la jirani, na kisima tulichochotea kilikuwa uwani. Mtoto aliharisha mara tatu ndani ya masika moja. Nesi mzima! Mwenye nyumba hakunirudishia hata shilingi, akasema mvua ni ya Mungu. Mvua kweli ni ya Mungu, lakini mstari aliujua.

Tena hayo si mageni Unguja. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu kisiwani. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini wakati ule, aliandika kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, kikatoka 1876. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Alijenga majumba yanayosifiwa mpaka leo, lakini ukiniuliza mie, kazi yake kubwa ni ule mfereji wa maji. Bomba likitoka mbali na vyoo, watoto wanaishi.

Na suala la kodi? Hilo nalo lina historia yake. Ng'ambo iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Darajani palikuwa na daraja kweli. Watu wa Ng'ambo, wanawake wengi wakiwemo, walikuwa na nyumba zao, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ilikuwa ya mtu mwengine, na kodi ya ardhi ikawa inapanda. Mwaka 1928 wakagoma kulipa, mtaa baada ya mtaa. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuweka sheria ya kuizuia kodi ile isipande ovyo. Nawatajieni hili kwa sababu mpangaji peke yake ni mnyonge, lakini majirani wanaojuana wana sauti. Hapo tunarudi kule kule Chwaka.

Msije mkasema basi ni kukimbia bonde tu. Dar es Salaam, Disemba 2011, mafuriko yaliua zaidi ya watu 40, na bonde la Msimbazi, Jangwani na jirani zake, likaathirika vibaya. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Baadhi yao walirudi bondeni. Watu wakawaita wabishi. Lakini fikiria mama anayeuza vitumbua asubuhi: wateja wake mjini, skuli ya wanawe mjini, shoga wa kumshikia mtoto mjini. Ukimpa ardhi kavu ukamnyima vyote hivyo, hujampa mtaa. Kurudi bondeni ni hatari, na silisifii. Nasema tu kwamba mtaa salama ni ule wenye vyote viwili, ardhi na watu.

Kwa hiyo yule mama nilimpa kazi ya kumfanyia mume wake orodha, kwa kuwa yeye yuko Unguja tayari. Nawaandikieni na nyie:

1. Usitazame nyumba wakati wa jua tu. Ikiwa huwezi kusubiri mvua, tazama kuta kwa chini, za nyumba yako na za jirani. Mstari wa maji hausemi uongo. Uliza pia jina la mtaa limetoka wapi. Wazee hawakutoa majina kama Ziwani, Mtoni au Kilimani bure. Jina halithibitishi kitu, ila linakupa pa kuanzia kuuliza.

2. Uliza maji yanatoka wapi na siku ngapi kwa wiki. Kama ni kisima, hesabu hatua mpaka shimo la choo lililo karibu, hata likiwa la jirani. Angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa kisima. Hata hivyo maji ya kunywa ya mtoto chemsha.

3. Nenda kwa miguu kutoka nyumbani mpaka kituo cha afya, ukijifikiria na mtoto ana homa saa nane ya usiku. Utapita wapi? Utapata gari?

4. Usimuulize dalali habari za mtaa, yeye analipwa ukikubali. Muulize muuza duka na mama mwenye watoto wadogo: "Masika iliyopita watoto waliumwa nini?" Akijibu haraka haraka "kuharisha", ondoka.

5. Kabla ya kulipa miezi mingi mbele, andikishianeni, na sheha ajue kwamba umehamia. Ikishindikana, lipa michache hata kama kodi itakuwa juu kidogo. Pesa za miezi sita ndizo zilizonifunga mie kwenye maji.

6. Mwisho kabisa, sasa tazama tailizi.

Jana jioni kanipigia simu. Nyumba mbili kati ya tatu zimeanguka, moja kwa mstari ukutani, moja kwa kisima. Ya tatu ni ile yenye jiko bovu na sakafu ya saruji. Lakini iko juu, bomba linatoka, na mlango wa pili anakaa mama wa Micheweni ambaye kashamwambia mume wake, "Mlete, mtoto tutalea." Akaniuliza, "Nesi, sakafu ya saruji si itamuumiza mtoto akianza kutambaa?"

Nikamwambia atandike mkeka. Nyumbani kwao hapa Tumbe anao wa kutosha.

Sehemu ya 5 inshallah: mwezi wa kwanza mji mgeni, mama anapokuwa peke yake mchana kutwa.