Gesijoto zenye florini: kanuni za biashara

Gesijoto zenye florini ni gesi za viwandani zinazotumika hasa kwenye friji na viyoyozi. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilianza na zinazoharibu tabaka la ozoni. Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yakaongeza hidrofluorokaboni, ambazo haziidhuru ozoni lakini huipasha dunia joto. Nchi nyingi zinazoendelea zinatakiwa kutozidisha matumizi ya gesi hizo kuanzia 2024 na kuyapunguza kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Nchini Tanzania msimamizi ni Ofisi ya Makamu wa Rais.

Udhibiti humbana zaidi mwagizaji, bandarini. Lakini gesi haipotelei bandarini. Hupotelea sehemu kama Haneti, wilayani Chamwino, pale friji ya soda inapogoma: fundi anakata kibomba cha shaba, gesi inatoka kwa mlio mfupi, kisha anajaza nyingine. Gramu 150 za R134a, hidrofluorokaboni inayopasha joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi, ni sawa na kilo 214.5 za hewa hiyo. Wapo wanaosema kiasi hicho ni kidogo, na mashine ya kuvuta gesi ni ghali kwa fundi wa kijijini. Ughali ni kweli kabisa, na kwa sababu hiyo gharama imfuate anayeagiza mitungi, si anayeshika spana. Udogo si hoja: friji inayovuja hujazwa tena na tena. Na kubadili gesi pekee hakutoshi: hata R600a, mbadala wenye madhara madogo kwa hali ya hewa, hushika moto. Mafunzo ya fundi yatangulie kabla mtungi wa gesi hiyo haujafika dukani.