Alfred Stieglitz na Picha za Hewa Mbaya

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, ratiba ya mpiga picha ilipangwa na jua. Mabamba ya kioo yaliyopakwa kemikali zinazobadilika zinapoguswa na nuru, ambayo ndiyo yaliyotumika kabla ya filamu kuenea, yalihitaji mwanga mwingi, na hivyo wapiga picha wengi waliichukulia siku ya mvua au ya theluji kuwa siku ya kubaki ndani. Alfred Stieglitz, Mmarekani aliyezaliwa Hoboken, New Jersey, mwaka 1864, aliigeuza siku hiyo kuwa ya masomo, akajipa kazi ambazo hazikuagizwa na mteja yeyote. Ni kweli kwamba fedha za baba yake zilimruhusu kufanya hivyo, na mpiga picha wa studio aliyetegemea malipo ya kila siku hangeweza kumwiga kwa urahisi; hata hivyo, fedha peke yake hazielezi namna alivyofanya kazi.

Stieglitz alijifunza ufundi wa kupiga picha Berlin katika miaka ya 1880 chini ya Hermann Wilhelm Vogel, mwanakemia ambaye mwaka 1873 aligundua kuwa bamba likitiwa rangi fulani huanza kuhisi nuru ambayo awali halikuihisi. Aliporudi New York mwaka 1890, kamera ndogo ya kushika mkononi ilikuwa imeanza kupendwa, ingawa wengi waliojiona mabingwa waliidharau kuwa chombo cha watalii. Tarehe 22 Februari 1893, dhoruba ya theluji ilipokuwa ikipiga, alisimama katika barabara ya Fifth Avenue kwa muda ambao yeye mwenyewe aliutaja kuwa saa tatu, akingoja gari la farasi lifike mahali alipokwisha kupachagua. Picha aliyoitoa kwenye negativu ya siku hiyo, yaani bamba ambalo mwanga na kivuli vimebadilishana nafasi, ilikuwa sehemu tu ya bamba zima, kwa maana alikata kando zote zilizopunguza nguvu ya lile gari. Katika makala yake ya mwaka 1897 kuhusu kamera ya mkononi alitoa shauri linaloendana na kazi hiyo: mpiga picha achague kwanza mahali, achunguze mistari na mwanga wake, kisha asubiri wapitao wajipange wenyewe.

Baada ya theluji ilifuata mvua, na baada ya mvua usiku. Taa za barabarani zilimletea tatizo gumu zaidi, kwa kuwa nuru kali hupenya tabaka la kemikali, hugonga mgongo wa kioo na kurudi, ikaacha duara la weupe kuizunguka kila taa. Lakini lami iliyolowa ilimsaidia, maana ilirudisha mwanga na kuyaangaza maeneo ambayo yangebaki meusi kabisa. Hapa ndipo inapoonekana faida ya kujiwekea kazi yenye mipaka: kila aina ya hewa ilimlazimisha kutatua tatizo moja la kifundi, na utatuzi huo ulibaki naye hata jua lilipotoka.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1922 huko Lake George, kaskazini mwa jimbo la New York, ambako familia yake ilikuwa na nyumba. Mwandishi Waldo Frank alikuwa amedai kwamba nguvu ya picha za Stieglitz ilitokana na uwezo wake wa kuwatawala kimawazo aliowapiga picha. Stieglitz, ambaye hakuwa mtu wa kumeza ukosoaji kimya, alijibu kwa kuigeuzia kamera mbingu, kwa hoja kwamba mawingu hayatawaliwi na mtu na yako wazi kwa wote; akaeleza mwaka uliofuata kuwa alitaka kujua amejifunza nini katika miaka 40. Swali hilo lilikuwa la kifundi pia. Mabamba ya zamani yalihisi zaidi nuru ya buluu, kwa hiyo anga na wingu vilitoka vyeupe sawasawa, kiasi kwamba katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu, ili kupata picha moja. Stieglitz mwenyewe alikuwa amekwisha kujaribu mawingu Mürren, Uswisi, zaidi ya miaka 30 kabla.

Alianza na kamera kubwa ya inchi 8 kwa 10, akahamia nyingine ndogo aliyoweza kuielekeza juu bila stendi, na kwa zaidi ya miaka 10 akatengeneza picha zaidi ya 200 za mfululizo alioupa jina Equivalents, ambamo kila anga husimama badala ya hali fulani ya moyo. Waandishi wengi wa wasifu wake husifu falsafa hiyo, lakini picha zenyewe zinashuhudia zaidi ufundi: weusi wa anga na ukingo wa wingu vinatofautiana kwa kipimo ambacho hakipatikani kwa bahati. Aliacha kupiga picha mwaka 1937, maradhi ya moyo yalipomzuia kuibeba kamera.