Gaudence Lyimo
Gaudence Lyimo ni mwanasiasa wa CCM, chama tawala cha Tanzania, aliyekuwa meya wa Arusha. Madiwani walimchagua Desemba 2010, lakini wenzao wa chama cha upinzani cha CHADEMA waliukataa uchaguzi huo. Kiini cha ugomvi kilikuwa kura ya Mary Chatanda, katibu wa CCM wa mkoa, ambaye ubunge wake wa viti maalumu, walidai, ulikuwa wa Tanga, hivyo hakustahili kupiga kura Arusha. Hoja ilionekana ndogo, ila ilizaa maandamano ya Januari 5, 2011, ambamo watu watatu waliuawa na viongozi wa CHADEMA, akiwemo Freeman Mbowe, wakakamatwa. Maaskofu wa Arusha nao walikataa kumtambua meya. Lyimo hakung'oka, na chini yake manispaa ikawa jiji mwaka 2012. Uchaguzi wa 2015 uliipa CHADEMA halmashauri, na Kalisti Lazaro akawa meya.