Uraibu: urithi na kemia ya ubongo

Uraibu ni maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu aendelee kutumia kilevi hata pale kinapomharibia afya, kazi na familia. Katika Katindiuka, kata ya Mji wa Ifakara katika Bonde la Kilombero, kama kwingineko mkoani Morogoro, vilevi vilivyo karibu na watu ni pombe za kienyeji, gongo, sigara na bangi. Wawili wanaokunywa kilabu kimoja wanaweza kuachana njia: mmoja akaacha bila taabu, mwingine akanasa. Sehemu ya tofauti hiyo imo mwilini.

Urithi

Hakuna jeni moja ya ulevi. Zipo nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takribani nusu ya tofauti za watu katika hatari ya uraibu wa pombe hutokana na urithi. Mfano ulio wazi uko kwenye ini. Kimeng'enya cha kwanza hugeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu inayoleta kichefuchefu na mapigo ya moyo ya kasi. Cha pili huiondoa sumu hiyo. Aina ya jeni iitwayo ADH1B*3, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, huharakisha hatua ya kwanza, na huhusishwa na hatari ndogo ya uraibu. Aina ya ALDH2 inayochelewesha hatua ya pili imeenea Asia ya Mashariki, lakini Afrika ni nadra sana.

Kemia ya ubongo

Vilevi karibu vyote huongeza dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kurudia kilichompa mtu raha. Pombe huongeza pia nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Heroini hushika vipokezi vya opioidi. Ubongo ukizoea, kipimo cha jana hakitoshi, na kuacha huleta arosto, yaani mateso ya kukosa kilevi. Mnywaji wa kupindukia akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hivyo aache chini ya uangalizi wa hospitali.

Mazingira

Mtoto wa mlevi hurithi hatari, harithi ulevi. Kuanza mapema huongeza hatari, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Mateso ya utotoni, msongo na urahisi wa kupata kilevi huongeza hatari pia.

Tiba

Tanzania ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa waraibu wa heroini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011. Kasi ya mwili kuivunja methadoni hutofautiana, hasa kutokana na jeni ya CYP2B6. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU huongeza kasi hiyo. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika arosto baada ya kuanza dawa hizo huhitaji dozi yake ya methadoni ipimwe upya kabla ya kudhaniwa kuwa anatafuta kulewa.