Ufungamano au mwenendo? Wema na uovu katika michezo ya kuigiza wahusika

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, kila mchezaji alitakiwa kumchagulia mhusika wake upande: Sheria, Vurugu, au katikati. Wazo hilo lilitokana na riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo nguvu mbili kuu zinang'ang'ania ulimwengu. Mwaka 1976 Gygax aliandika makala akaongeza mhimili wa pili, wema na uovu. Kufikia kitabu cha mchezaji cha 1978, mihimili hiyo ilikuwa imezaa mraba wa vyumba tisa, na chumba cha mhusika ndicho wachezaji wanachokiita alainimenti.

Neno hilo si geni Njiru, mtaa wa Nairobi. Gereji za Kangundo Road hulitumia kila siku kwa magurudumu, lakini hapo lina maana ya kunyoosha kilichopinda, na haitufai.

Siasa ndiyo iliyolitafsiri mapema. Tangu mkutano wa Belgrade wa 1961, Waswahili wamezungumzia nchi zisizofungamana na upande wowote. Kufungamana ni kujiunga kwa hiari na kukubali kubanwa na uliojiunga nao. Jijini Nairobi jina Ufungamano liko hata kwenye jengo, lile ambalo mwaka 1999 viongozi wa dini walilifanya kitovu cha juhudi zao za katiba mpya. Kwa mchezo wa 1974, basi, ufungamano ni tafsiri sahihi kabisa: mhusika anachagua jeshi.

Tatizo linaanza 1978. Mraba wa vyumba tisa hauulizi tena mhusika yuko na nani, unauliza anaishije. Hapo ufungamano haufai. Msimamo unakaribia, ila mtu anaweza kuwa na msimamo mzuri mdomoni na mikono michafu. Silika na asili ndiyo maneno ya kukwepwa kuliko yote, kwa sababu yanadai kwamba jibu lilikwishaandikwa mhusika alipozaliwa. Neno linalofaa ni mwenendo. Mwenendo unaonekana kwa majirani, unaweza kubadilika, na mwenyewe hawezi kuukana.

Fumo Liyongo anatosha kuupima mraba huo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyu anafungwa gerezani, mama yake anamfichia tupa ndani ya mkate wa makapi ambao walinzi hawautamani, naye anakata minyororo huku ngoma ikivuma. Kwa sheria ya kisiwa cha Pate, Liyongo ni mtoro. Mtawala anayemwinda ana askari na gereza, yaani vyombo vyote vya sheria, kisha anamrubuni mwana wa Liyongo amuue baba yake kwa kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Mtawala anaangukia chumba cha mwovu mshika-sheria. Na Liyongo? Kumwita mwema wa vurugu ni kumtukana, kwa kuwa nchini Kenya vurugu na fujo ni maneno ya kuwashtakia watu. Afadhali kuazima neno la wachumi wanaosema soko huria: Liyongo ni mwema huria.

Sasa tuchukue msimamizi wa mchezo anayeishi Njiru na kutunga mji wa kubuni unaofanana na mtaa wake, wenye machimbo ya mawe, viwanja vinavyogombaniwa na maji yanayouzwa kwa mtungi. Mhusika mmoja anatoboa bomba usiku ili jirani mwenye watoto apate maji. Mwingine ana leseni na risiti zote, lakini anafunga mfereji hadi bei ipande. Kundi la wachezaji litabishana kutwa nzima kuhusu vyumba vya wawili hao, na ubishi huo una thamani kuliko pambano lolote na joka. Mwandishi huyu angependa kuuona ukifanyika kwa Kiswahili.

Mahali ambapo mraba huu umeleta madhara ni kwenye jamii za kubuni. Kwa miongo mingi vitabu vya Dungeons & Dragons viliwaeleza maorki na madrau kuwa waovu, jamii nzima kwa mkupuo mmoja. Mchezaji aliweza kuua kijiji kizima na bado akabaki mwema kwenye karatasi. Shaaban Robert alikuwa na jicho kali zaidi katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952: Adili, Hasidi na Mwivu ni wana wa baba mmoja. Ni kweli kwamba majina yao yanatangulia matendo yao, na hilo linapunguza fumbo. Lakini damu yao ni ile ile.

Mchezo wenyewe umesogea huko. Katika toleo la tano la 2014, uganga wa kutambua uovu na wema hauchunguzi tena moyo wa mtu. Unaonyesha tu kama kuna viumbe wa aina fulani karibu, kama mashetani au wafu wanaotembea. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast ilitangaza hadharani kwamba itaacha kuwachora maorki na madrau kama jamii mbovu kwa maumbile.

Kwa Nairobi, jambo hili si la mezani tu. Mitaa ya Eastlands ina watu wa kila pembe ya Kenya, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 jina la ukoo lilitosha kumfanya jirani aonekane adui. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha nchini katika ghasia zilizofuata.

Kwa hiyo wanaotunga michezo kwa Kiswahili waandike ufungamano pale mhusika anapoapa kwa mfalme, mungu au chama, na mwenendo pale anapopimwa kwa matendo. Nafasi ya asili kwenye karatasi ya mhusika ijazwe kijiji, lugha na ufundi wa wazazi wake, na wema au uovu usiandikwe hapo kamwe.