Mtoto wa Makupa aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza

Perth, Australia, mwishoni mwa Novemba 1962. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifunguliwa katika joto lililopita nyuzi 40, na katika fainali ya yadi 100 kwenye uwanja wa Perry Lakes wengi walimtazamia Harry Jerome wa Canada, mmoja wa waliokuwa wakishikilia rekodi ya dunia. Bastola ikalia. Jerome akaumia msuli mbioni na kumaliza wa mwisho. Saa ilipofika sekunde 9.5, aliyetangulia kugusa utepe alikuwa kijana wa miaka 25 kutoka kisiwa cha Mombasa: Seraphino Antao.

Hakuishia hapo. Katika michezo hiyohiyo alishinda pia yadi 220 kwa sekunde 21.1. Hizo ndizo medali za kwanza za dhahabu kwa Kenya katika Jumuiya ya Madola, mwaka mmoja kabla bendera ya uhuru haijapandishwa. Taifa ambalo leo dunia nzima hulitaja kwa mbio ndefu lilionja dhahabu kwanza kwenye mbio fupi, tena kwa miguu ya mtoto wa Pwani.

Antao alizaliwa Makupa, Mombasa, Oktoba 1937, wazazi wake wakiwa Wagoa. Alikuwa mwajiriwa wa kawaida mjini humo, na mazoezi aliyafanya baada ya saa za kazi. Kipaji alikuwa nacho, lakini alipata pia mtu wa kukisimamia: kocha Ray Batchelor, Mwingereza aliyezijua mbio fupi na kanuni zake. Antao alikimbia Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na mwaka 1962, kabla ya Perth, alikwenda London akatwaa ubingwa wa Uingereza wa yadi 100. Waliokuwa wakimfuatilia hawakushangazwa na habari za Perth.

Aliyemfuata kwenye utepe siku ile, kwa sekunde 9.6, naye alikuwa mtu wa visiwani: Thomas Robinson wa Bahamas. Miaka minne kabla, mjini Cardiff, Robinson alikuwa ameshinda yadi 220 na kuipa Bahamas dhahabu yake ya kwanza katika michezo hiyo. Alikimbia Olimpiki nne, kuanzia 1956 hadi 1968, na leo uwanja wa taifa mjini Nassau unaitwa kwa jina lake. Yaani kwenye fainali ya Perth, nafasi mbili za juu zilikwenda kwa wana wa visiwa ambavyo vilikuwa bado chini ya utawala wa Mwingereza, mbele ya mataifa yenye viwanja, fedha na mamilioni ya watu.

Mwaka 1964 Antao ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo, ya kwanza kwa nchi hiyo tangu uhuru. Hapo Wilson Kiprugut akaleta shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, na macho ya taifa yakageukia nyanda za juu, kwenye mbio za kati na ndefu. Antao baadaye alihamia Uingereza, akafariki London Septemba 2011. Hakuishi kumwona mrithi wake. Mkenya mwingine kushinda mbio ile ya yadi 100 katika Jumuiya ya Madola, sasa ikiwa mita 100, alikuwa Ferdinand Omanyala, Birmingham, mwaka 2022, kwa sekunde 10.02. Ilikuwa imepita karibu miaka 60.

Historia hii inafaa kusimuliwa hata Biryogo, nchini Rwanda. Huu ndio mtaa wa Waswahili wa Kigali, jirani na msikiti wa Al-Fatah uliojengwa mwaka 1913, na lugha yake ilifika na wafanyabiashara na askari waliotoka upande wa Pwani ileile ya Antao. Barabara zake zilizopakwa rangi zilifungiwa magari mwaka 2021. Uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu 2023 unaitwa Pelé, hauko mbali. Mazungumzo ya hapa ni ya mpira asubuhi hadi jioni, na winga mwenye mbio husifiwa sana. Lakini kasi yake hupimwa kwa macho tu.

Rwanda inao wanariadha wa kujivunia. Mathias Ntawulikura alishiriki Olimpiki tano, kuanzia 1988 hadi 2004, na Atlanta 1996 alikuwa wa nane katika mita 10,000. Mbio za namna hiyo unaweza kuzijenga barabarani na kwenye vilima, ambavyo Kigali haina uhaba navyo. Mbio fupi zina masharti mengine. Mkimbiaji hupiga goti, vidole vyake vikiwa nyuma kidogo ya mstari, miguu imekanyaga vibao. Mlio ukisikika anatakiwa aondoke ameinama na kuusukuma mwili mbele kabla hajasimama wima. Akiinua kichwa mapema, mbio imeshaharibika. Hilo mtu hafundishwi na mteremko. Linataka njia tambarare, saa ya kupimia, na kocha wa kumrudisha kwenye mstari tena na tena.

Ukubwa wa nchi si sharti. Agosti 2024 mjini Paris, Julien Alfred alishinda mita 100 za wanawake kwa sekunde 10.72, akaipa Saint Lucia medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Kisiwa hicho kina watu wasiozidi laki mbili. Kwa miaka mingi uwanja wake mkuu uligeuzwa hospitali baada ya hospitali ya St Jude kuungua mwaka 2009, na Alfred alikwenda Jamaica akiwa bado binti mdogo ili apate mafunzo.

Antao hakulazimika kuhama kwanza: kocha alimkuta Mombasa. Ndiyo sababu ninasema watoto wa Biryogo wanastahili siku ya mbio za mita 60 na 100 shuleni, wenye kasi waandikwe majina, na kocha mmoja akabidhiwe kundi hilo kwa miaka kadhaa, si kwa msimu mmoja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya timu ya mpira, na bila hatua hiyo hakuna atakayejua tumempoteza nani.