Neno Fundi na Heshima Yake

 

Ndugu wasomaji, katika mji wetu wa Bujumbura, na hasa katika mtaa wa Buyenzi, ni maneno machache yatajwayo mara nyingi kama neno fundi. Mlango ukivunjika, huitwa fundi. Gari likizima njiani, hutafutwa fundi. Arusi ikikaribia na nguo hazijashonwa, fundi ndiye abembelezwaye usiku na mchana. Mtu mwenye shida hulitaja neno hili kwa upole na heshima. Lakini shida ikiisha, likaja baraza la posa, utasikia mzee akiuliza, "Kijana mwenyewe kazi yake nini?" naye ajibiwe, "Ni fundi tu." Neno hilo dogo, tu, ndilo lililotufanya tushike kalamu. Twataka kuonyesha kwamba asemaye hivyo hajui alitamkalo, kwa kuwa fundi ni neno la elimu tangu asili yake.

Wako wanaodhani kwamba kila neno la heshima katika Kiswahili limetoka Uarabuni. Neno fundi halikutoka huko. Ni la ukoo mmoja na kitenzi kufunda, ambacho ni cha Kibantu, na maana yake ni kumpa mtu mafunzo. Kutokana na shina hilo twapata kufundisha, mafundisho, funzo na mwanafunzi. Mama wa makamo amkalishaye mwari ndani na kumweleza mambo ya nyumba na ya heshima, husemwa kwamba anamfunda mwari. Hata mbali sana kusini, katika lugha ya Wazulu, kitenzi hicho hicho chatumika kwa maana ya kujifunza na kusoma, na mchungaji wa kanisa huitwa kwa jina litokalo humo. Basi fundi, kwa asili ya neno, ni mtu aliyefundwa hata akaweza kuwafunda wengine. Nyundo na msumeno vimekuja baadaye. Kwanza kabisa ni mafunzo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika visiwa vya Komoro. Ndugu zetu wa huko, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili, wakisema fundi aghalabu humkusudia mwalimu wa Kurani na mtu wa elimu ya dini. Mtoto wa Kikomoro apelekwapo chuoni na ubao wake, hupelekwa kwa fundi. Lau angefika Buyenzi akaambiwa kwamba fundi yuko chini ya gari, amejaa mafuta mikononi, huenda angestaajabu. Lakini neno ni lile lile, na maana zote mbili ni halali yake.

Sasa tutazame neno la upande wa pili, nalo ni ustadhi. Sisi tukilisikia, twamfikiria mwalimu wa madrasa mwenye kanzu na kofia. Neno hili lilitoka kwa Waajemi, likaingia katika Kiarabu na katika lugha nyingine nyingi, na kwa Waajemi lilikuwa jina la bwana wa kazi na la bwana wa elimu pia. Hata leo Mturuki humwita seremala au mwashi hodari usta, na Mmisri wa mitaani humwita fundi wake kwa neno la ukoo huo huo. Wala hatuna haja ya kwenda Misri, kwani katika Kiswahili chenyewe tumelipokea neno hili mara mbili. Tukamwita mwalimu ustadhi, na mwenye mkono mwepisi katika kazi yake tukamwita stadi, na uhodari wake tukauita ustadi.

Angalieni, ndugu zangu, jambo la ajabu lililotokea. Neno letu la Kibantu lilianzia katika mafunzo, likaishia kwa mwashi na makanika. Neno la Waajemi lilimhusu mwenye kazi ya mkono pamoja na mwenye elimu, nasi tukalipeleka msikitini. Yamepishana njiani kama majahazi mawili, kila moja limebeba shehena ya mwenziwe. Haya yasingewezekana lau watu wa zamani wangeona kwamba elimu ya kitabu na elimu ya mkono ni vitu viwili visivyojuana. Wao waliona kwamba vyote viwili hupatikana kwa njia moja, yaani kukaa mbele ya ajuaye, kutazama, kujaribu, kukosea na kurekebishwa.

Desturi za pwani zilishuhudia hivyo. Kijana aliyehitimu kazi kwa bwana wake alimtolea zawadi iliyoitwa kilemba, na mzazi ambaye mtoto wake alihitimu chuoni alimpa mwalimu kilemba vile vile. Jina la ada lilikuwa moja, kwa sababu deni lilikuwa moja.

Na dini yetu haikuidharau kazi ya mikono. Katika Kurani twasoma habari za Nabii Nuhu aliyeamrishwa kuunda jahazi, na watu wakubwa wa kaumu yake wakawa wanampitia na kumcheka. Twasoma habari za Nabii Daudi aliyelainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza mavazi ya vita. Na katika hadithi za Mtume twapata kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala. Basi amwambiaye mwenziwe "fundi tu" na awakumbuke hao kwanza.

Tuje sasa kwa fundi mwenye kubuni, yaani yule asiyeridhika na kuiga, bali huunda kitu ambacho hakijapata kuonekana. Katika Kiswahili neno hila limekuwa baya, maana yake ujanja na udanganyifu. Lakini katika Baghdad ya karne ya 9, ndugu watatu waitwao Banu Musa, nao ni Muhammad, Ahmad na al-Hasan, walitunga kitabu cha hila, na hila zao zilikuwa vyombo vya werevu. Mlikuwamo vyombo vya maji vilivyojifungua na kujifunga vyenyewe, chemchemi zenye kubadili umbo la maji, na taa zilizojirekebisha. Idadi ya vyombo hivyo ilikaribia mia moja.

Baada yao, katika mji wa Diyarbakir ambao leo umo Uturuki, alitokea al-Jazari, aliyekuwa fundi mkuu wa watawala wa nasaba ya Artuq. Mwaka 1206 alimaliza kitabu chake chenye kueleza vyombo 50, miongoni mwake saa za maji na mashine za kuinua maji kutoka mahali pa chini. Mojawapo ya mashine hizo ilivuta maji kwa mabomba mawili yaliyofanya kazi kwa kupokezana. Wataalamu wa leo humsifu kwa werevu wake, nasi twamsifu zaidi kwa jambo jingine. Al-Jazari hakuficha. Alichora kila chombo, akataja vipande vyake na vipimo vyake na namna ya kuviunganisha, hata mtu wa mbali aweze kukiunda tena. Naye alieleza vitu alivyovitengeneza na kuvijaribu kwa mkono wake. Huyo alikuwa fundi kwa maana zote mbili za neno letu, maana alitenda, kisha akafunda.

Kinyume chake twakiona katika pwani yetu. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, pana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Yamtaja mtu mkubwa aliyeamuru msikiti ujengwe. Mchongaji aliyezitoa herufi zile nzuri katika jiwe hatumjui. Twaona kazi ya mkono wake baada ya miaka zaidi ya mia tisa, lakini jina lake limepotea. Hivyo ndivyo ilivyowapata mafundi wengi wa Kiafrika, waliounda majahazi, waliotia nakshi milango, waliofua chuma. Kazi zao zimebaki au zimeoza, na majina yao hayakuandikwa.

Je, neno hili lilifikaje kwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika? Lilikuja na misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, mji ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1858 na kuwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kukaa. Yatupasa tuseme kweli hapa, kwa sababu historia isiyosema kweli haina faida. Misafara ile ilibeba nguo na shanga, lakini ilibeba pia bunduki, na ilirudi na pembe na watumwa. Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, aliyazuia majeshi ya Rumaliza wa Ujiji yasiitawale nchi yake, naye alikuwa na haki. Neno fundi lilisafiri katika njia hiyo hiyo yenye machozi. Walakini lenyewe lilikuwa neno jema, na wenyeji walilipokea. Warundi na Wanyarwanda wakalivika nguo ya lugha yao, wakasema umufundi, na aghalabu wamkusudia mwashi.

Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura mwaka 1897, na Wabelgiji walipowafuata mwaka 1916, Waswahili walikuwa miongoni mwa askari, waashi, washona nguo na wachuuzi wa mji. Katika siku za Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na Mwislamu aliyeogopa kumpoteza mtoto wake katika dini hakumpeleka huko. Mlango wa ofisi ukawa mwembamba kwetu. Wazee wetu hawakukaa wakalia. Walishika mwiko na timazi, randa na tezo, cherehani na spana. Nyumba nyingi ziliinuliwa kwa mikono ya watu ambao hawakuwa na cheti hata kimoja. Mji ulipoitwa Bujumbura, na nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, mafundi wetu walikuwa na sifa ambayo Buyenzi inayo hata leo.

Lakini jambo lililokuwa ngao likageuka kuwa doa. Kwa kuwa watu walishika ufundi baada ya kufungiwa shule, ikaonekana kama kwamba ufundi ni kazi ya aliyekosa shule. Mzazi wa leo humwambia mtoto aliyeshindwa mtihani, "Basi nenda ukawe fundi," kana kwamba anamhukumu. Mtoto aingiaye kazini kwa hukumu hawezi kuipenda, na asiyeipenda kazi hawezi kubuni ndani yake.

Wala lawama si ya wazazi peke yao. Mafundi nao wana sehemu yao, na tuwaambie kwa mapenzi ya kidugu. Wako mabwana wa kazi wampokeao kijana wakamtuma maji, wakamtuma chai, wakamwoshesha vyuma miaka mitatu, na saa ya kufungua injini wakamwambia asogee kando. Huona kwamba siri ya kazi ikitoka, riziki nayo itatoka. Tumewaona wazee hodari wakifariki na ujuzi wao wote, na vijana wao wakabaki wanakisia. Mtu wa namna hiyo ni stadi, hatukatai, lakini jina la fundi hajalitimiza, kwa maana hakumfunda mtu. Na riziki imo mikononi mwa Mungu, haimo katika kuficha kipimo cha saruji.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu, nayo si mazito. Mzazi amwonaye mwanawe ana mkono mwepesi na amtafutie bwana wa kazi kwa uangalifu ule ule wa kumtafutia mwalimu wa Kurani, na wapatane mbele ya mashahidi atafundishwa nini na kwa muda gani. Fundi amalizapo kumfunda kijana na amtoe mbele za watu, siku ya Ijumaa baada ya sala, watu wamjue na wamwombee dua, kama tufanyavyo kwa mtoto aliyehitimu. Na sisi tuandikao vijitabu kama hiki tuyaandike majina ya mafundi waliojenga misikiti yetu pamoja na majina ya waliotoa mali, wasije wakapotea kama yule mchongaji wa Kizimkazi.

Na siku baraza la posa litakapokaa, akaulizwa kijana kazi yake, na ajibiwe kwamba ni fundi. Neno tu liachwe nje pamoja na viatu.

Mwenyezi Mungu atubarikie mikono yetu, awarehemu waliotufunda, na atujaalie kuwafunda watakaokuja nyuma yetu. Amin.